Mwongozo kamili: kukuza neuroni za dopamini kutoka ubongo wa kiinitete cha panya, hapa Nairobi

Wanaoniletea sahani zao niwaangalizie husema maneno yale yale. Neuroni, yaani seli za neva, zimejaa, zimetoa matawi, zinapendeza kwa hadubini, lakini zikipakwa rangi ya TH, kimeng'enya kinachotambulisha seli za dopamini, hakuna kinachowaka, au zinawaka seli tatu katika kioo kizima. Wengine hawafiki hapo. Sahani hufa siku ya tatu na hawajui kilichoiua.

Nimeketi nao mezani, nikafuata mikono yao hatua kwa hatua. Karibu kila mara kosa lilikuwa limeshafanyika kabla sahani haijaingia kwenye inkubeta: umri wa kiinitete, mahali kisu kilipopita, na muda ambao tishu zilikaa zikisubiri. Kosa la nne ni la kwetu tunaoishi juu ya mwinuko, nalo nitalieleza kirefu, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa maabara zilizo karibu na usawa wa bahari.

## Seli tunayoitafuta

Dopamini, kemikali ambayo neuroni hupashana nayo habari, hutengenezwa ubongoni hasa na neuroni zilizo upande wa chini wa ubongo wa kati. Baadhi yake ndizo zinazokufa kwa mgonjwa wa Parkinson. Katika kiinitete ubongo ungali mrija uliopinda. Sakafu ya mrija huo hutoa protini iitwayo Shh, na ile shingo nyembamba inayotenganisha ubongo wa kati na ubongo wa nyuma hutoa FGF8. Panapokutana ishara hizo mbili, seli changa huwasha jeni za Lmx1a na Foxa2, kisha Nurr1 na Pitx3, na mwishowe TH, yaani tairosini haidroksilezi. Hicho ndicho kimeng'enya kinachogeuza tairosini kuwa L-dopa, ambayo baadaye huwa dopamini.

Nakueleza haya kwa sababu yanaamua kazi ya mikono. Seli iliyochukuliwa nje ya eneo hilo haikupata amri hizo, na lishe ya kawaida ya sahani haitaipa. Hata ukikata vizuri, seli zenye TH huwa kama 1 hadi 5 katika kila 100. Ukiongeza tishu za pembeni kwa kuogopa kupata seli chache, unazizamisha hizo chache ndani ya umati wa seli nyingine.

## Vitu vya kuandaa

Kibali kwanza. Hapa Kenya majaribio ya wanyama yanasimamiwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Utahitaji idhini ya kamati ya wanyama ya taasisi yako na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Mama panya auawe na mtu aliyefunzwa, kwa njia iliyoidhinishwa. Kama hujafunzwa, hiyo si kazi ya kujifunzia siku ya jaribio.

Mnyama: panya mkubwa wa maabara (rat) mwenye mimba ya siku 14. Ukitumia yule panya mdogo (mouse), chukua mimba ya siku 12.5 hadi 13.5, kwa kuwa ubongo wake hutangulia kwa siku moja na nusu hivi.

Vyombo:
- hadubini ya kupasulia na hadubini iliyopinduliwa
- koleo mbili zenye ncha nyembamba, mkasi mdogo na kisu kidogo cha upasuaji
- kabati la hewa safi, inkubeta ya CO2, sentrifuji na hemositomita (kioo cha kuhesabia seli)
- vioo vya duara vya milimita 12 na sahani za vishimo 24
- pipeti za Pasteur za kioo na taa ya spiriti ya kulainishia midomo yake

Dawa:
- HBSS (maji ya chumvi ya kuwekea tishu) isiyo na kalsiamu wala magnesi
- Hibernate-E au L-15, kwa kusafirisha tishu
- poli-L-ornithini na laminini, za kupaka vioo ili seli zishike
- tripsini ya asilimia 0.05, kimeng'enya cha kutenganisha seli, na DNase I, kimeng'enya kinachokata DNA
- rangi ya bluu ya tripani
- kingamwili dhidi ya TH na dhidi ya MAP2 (protini ya neuroni zote), kingamwili za pili zenye rangi, na DAPI, rangi ya viini vya seli
- paraformaldehidi ya asilimia 4

Lishe ya kupandia, inayotumika siku ya kwanza tu, ni DMEM/F12 yenye seramu ya ndama asilimia 10.

Lishe ya kukuzia ni Neurobasal yenye B27 asilimia 2, GlutaMAX milimola 0.5, asidi askobiki mikromola 200, GDNF nanogramu 10 kwa mililita na BDNF nanogramu 20 kwa mililita. Hizi mbili za mwisho ni protini zinazostawisha neuroni. Kama unapanga kupima sumu zinazoleta msongo wa oksijeni, tafuta B27 isiyo na viambato vinavyozuia msongo huo (minus antioxidants), la sivyo lishe yenyewe itazilinda seli na utadhani sumu yako haina nguvu.

GDNF, BDNF na laminini zikifika kutoka uwanja wa ndege, zigawe siku hiyo hiyo katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Kuyeyusha na kugandisha mara kwa mara huziharibu, na hutaona dalili yoyote kwa macho.

## Hatua ya 1: Sawazisha gesi, wiki moja kabla

Nairobi iko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama kilopaskali 82, wakati pwani ni 101. Inkubeta ikisema asilimia 5 ya CO2, pwani inamaanisha kilopaskali 5.1 za gesi hiyo. Hapa inamaanisha 4.1. Kinachoamua pH ya lishe yenye bikaboneti ni hizo kilopaskali. Asilimia ni hesabu ya mashine tu.

Tofauti hiyo huipandisha pH kwa karibu 0.1. Peke yake haitaua sahani, nami sitaki mtu ailaumu kwa kila kifo. Lakini inaungana na dakika unazofungua mlango, na dakika ambazo lishe inakaa mezani ikipoteza gesi, na kwa neuroni hizi nyepesi kuumia jumla yake ni kubwa.

Weka inkubeta kwenye asilimia 6.1 hivi. Kisha usiiamini namba inayoonyeshwa na inkubeta. Acha lishe ya kukuzia katika sahani ndani ya inkubeta usiku mzima na upime pH asubuhi, mara tu unapoitoa. Unataka 7.3 hadi 7.4.

Kama huna kipimo cha haraka, soma rangi ya fenoli nyekundu. Lishe iliyo sawa ina wekundu wa nyanya inayoanza kuiva. Ikiwa na rangi ya maua ya boganvilia, pH imepanda. Ikiwa ya manjano kama embe bivu, imeshuka, au bakteria wameingia.

Mwinuko huu huu unagusa otoklevu. Zile ndogo za mfano wa sufuria ya shinikizo hutumiwa kwa kusoma geji, na kitabu chake husema pauni 15 ndizo nyuzi 121. Hapa pauni 15 kwenye geji hukufikisha nyuzi 118 hivi. Fuata joto, au peleka geji karibu na 18 kama chombo chako kimeruhusiwa kufika huko. Nimeona watu wakilaumu antibayotiki zao miezi mingi, kumbe vyombo havikuwa vimetakasika.

Stima nayo. Ikipotea, tundu la gesi hujifunga, na kila ukifungua mlango kuchungulia unamwaga CO2 isiyo na mbadala. Bandika karatasi mlangoni yenye maneno mawili: USIFUNGUE, PIGA, na namba yako ya simu. Kama jenereta ya jengo inachelewa kuwaka, tafuta betri ya akiba itakayoibeba inkubeta kwa muda huo. Jaza trei ya maji yaliyochemshwa na kutakaswa, maana lishe ikikauka kidogo tu chumvi yake hukolea.

## Hatua ya 2: Andaa vioo, siku mbili kabla

Neuroni hazishiki kioo kitupu. Osha vioo kwa ethanoli, vitakase, viweke kwenye vishimo, kisha vifunike kwa poli-L-ornithini ya mikrogramu 15 kwa mililita usiku mzima.

Asubuhi osha mara tatu kwa maji yaliyotakaswa, na kila mara uache maji yakae dakika tano. Mara tatu ni tatu. Poli-ornithini iliyobaki bila kushika kioo ni sumu kwa seli, na hii ndiyo sababu ya zile sahani ambazo seli hutua vizuri, kisha hupukutika siku inayofuata.

Laminini iyeyushe polepole juu ya barafu, kwa sababu ikipashwa haraka hugeuka kama jeli. Weka mikrogramu 5 kwa mililita, saa mbili au zaidi katika nyuzi 37. Iondoe wakati seli zako ziko tayari tu. Laminini ikikauka juu ya kioo imeharibika.

## Hatua ya 3: Hakikisha umri kwa rula

Hapa ndipo nilipopoteza nusu mwaka. Nyumba ya wanyama niliyokuwa nikiitegemea iliita siku ya kuona kizibo cha uke, alama kwamba panya amepandwa, "siku ya 1". Mwongozo niliokuwa nikiufuata uliiita "siku ya 0". Nikawa nachukua viinitete vyenye umri wa siku moja pungufu, nikivikata kana kwamba vimefika. Uliza swali hilo kwa maneno: siku ya kizibo mnaiita ngapi? Katika mwongozo huu ni siku ya 0.

Halafu pima. Kiinitete cha panya mkubwa cha siku 14 kina urefu wa milimita 10 hadi 12 kutoka utosini hadi matakoni. Andika kipimo cha kila mimba kwenye daftari, kwa maana mama wawili wa siku moja wanaweza kutofautiana.

Kwa nini siku 14? Kabla ya hapo neuroni nyingi za dopamini bado hazijazaliwa. Baadaye, kuanzia siku ya 16 hivi, zimeshatoa nyuzi ndefu kuelekea ubongo wa mbele, na kisu kinapozikata nyuzi hizo seli hufa. Siku ya 14 seli nyingi zimeshaacha kugawanyika na nyuzi zake zingali fupi. Dirisha ni dogo, na hakuna ustadi wa mkono unaofidia kulikosa.

## Hatua ya 4: Toa viinitete na udhibiti saa

Tangu mama anapokufa hadi seli zinapotua kwenye kioo, jipe saa mbili, tatu zikizidi sana. Nyunyizia tumbo ethanoli ya asilimia 70, fungua, toa pembe zote mbili za tumbo la uzazi na uziweke ndani ya HBSS iliyopoa juu ya barafu. Badilisha mkasi baada ya kukata ngozi. Manyoya ndiyo njia kuu ya bakteria kuingia.

Wengi wetu hatufanyi kazi jengo moja na nyumba ya wanyama. Ukichukua viinitete Kabete na maabara yako iko Chiromo, Waiyaki Way inaweza kukula saa nzima. Mambo mawili husaidia. Beba tishu katika Hibernate-E au L-15, kwa kuwa hizo hazitegemei CO2 kushika pH. HBSS ya kawaida haifai kwa safari. Na ukiweza, kata ubongo wa kati huko huko, ubebe vipande tu. Kipande kidogo kilichopoa ndani ya Hibernate-E huvumilia safari kuliko kiinitete kizima ambacho damu yake imesimama.

Barafu izunguke chupa, isiguse tishu.

## Hatua ya 5: Kata ubongo wa kati

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kama una siku moja tu ya mazoezi, itumie yote hapa.

Fanya kazi chini ya hadubini ya kupasulia, sahani ikiwa juu ya barafu, kiinitete kimoja kwa wakati. Vingine vibaki kwenye baridi.

Kata kichwa na ukilaze ubavu. Utaona ubongo kupitia ngozi iliyo angavu, umejipinda kama mpini wa bakora. Kile kibonge kinachotokeza juu kabisa, penye kona, ni ubongo wa kati. Mbele yake ni ubongo wa mbele, na nyuma yake mrija unabana kidogo kabla ya kuwa ubongo wa nyuma. Shika mbano huo akilini. Ndio mpaka wako.

Bandua ngozi na fuvu changa kuanzia juu, kwa koleo mbili, bila kuvuta. Toa ubongo mzima.

Mkato wa kwanza upite kati ya ubongo wa mbele na kile kibonge. Mkato wa pili upite kwenye mbano, na uwe upande wa mbele wa mbano huo. Ukivuka kwenda nyuma utaingiza seli za noradrenalini, ambazo nazo zina TH. Zitawaka kwa rangi ile ile, utafurahi, na matokeo yako yote yatakuwa si ya dopamini. Ukiwa na shaka, paka sahani moja kingamwili dhidi ya DBH, kimeng'enya ambacho seli za noradrenalini zinacho na za dopamini hazina.

Sasa una pete fupi ya mrija. Ikate kwenye paa, katikati, kisha ifungue iwe bapa. Itakaa kama kipepeo aliyetandaza mabawa: katikati pana unene na mstari wa sakafu, pembeni mabawa mawili membamba. Kata mabawa yote mawili na uyatupe. Unachobaki nacho ni theluthi ya katikati, kipande kinachokaribia punje ya ulezi.

Upande wa nje wa kipande hicho umefunikwa na utando wenye mishipa myekundu. Uvue. Utando ukibaki, huleta seli zinazogawanyika upesi na kutandaa kioo kizima ndani ya wiki moja.

Ukifaulu utaona vipande vyote vinafanana kwa ukubwa, vyeupe, bila wekundu, kila kimoja kina mstari wa sakafu katikati. Kisichokuwa na mstari huo kitupe. Najua inauma kutupa, hasa mimba ilipokuwa ya viinitete vinane tu, lakini kipande cha pembeni kitapunguza asilimia ya TH ya sahani yote.

Anayeanza huchukua dakika kumi kwa kiinitete. Lenga dakika tatu. Mpaka ufike hapo, usikate mimba mbili kwa siku moja.

## Hatua ya 6: Tenganisha seli bila kuzichana

Kusanya vipande vyote katika mililita 1 ya tripsini, nyuzi 37, dakika 10 hadi 12. Tumia bafu la maji. Mwezi wa Julai meza ya maabara ya Nairobi ni baridi, na tripsini juu ya meza hiyo itafanya nusu ya kazi, kisha utamalizia kwa nguvu ya pipeti, ambayo ndiyo inayoua.

Ondoa tripsini, ongeza lishe ya kupandia. Seramu iliyomo huizima tripsini iliyobaki. Ongeza DNase hadi mikrogramu 50 kwa mililita na usubiri dakika tano.

Seli zilizopasuka humwaga DNA, nayo hunata kama ute wa bamia na kunasa seli nzima. DNase hukata ute huo. Lakini inahitaji magnesi ili ifanye kazi, ndiyo maana unaiweka kwenye lishe na si kwenye ile HBSS isiyo na magnesi. Wengi wanaolalamika kwamba DNase yao imekufa waliiweka kwenye kimiminika kisichofaa.

Sasa kuvuta na kusukuma. Anza na pipeti ya mililita 1, mara kumi, polepole. Kisha tumia pipeti ya Pasteur uliyolainisha mdomo wake kwa moto hadi ukapungua kufikia nusu, mara kumi hadi kumi na tano. Ncha ibaki chini ya kimiminika wakati wote. Povu likitokea, simama. Uso wa povu hupasua seli.

Acha chupa dakika mbili ili mabonge yatue, chukua maji ya juu, na usiyafukuzie mabonge ya mwisho. Seli utakazozipata kwa kuyavunja ni zile zilizojeruhiwa, na huachia vitu vinavyodhuru zilizo nzima. Zungusha katika sentrifuji kwa nguvu ya 200 g (mara 200 ya mvutano wa dunia), dakika 5. Soma g, kwa kuwa mizunguko kwa dakika hutegemea ukubwa wa mashine.

## Hatua ya 7: Hesabu, kisha panda

Changanya seli kidogo na bluu ya tripani. Zilizokufa hunywa rangi. Zilizo hai zikiwa zaidi ya 90 katika 100, endelea kwa moyo mkunjufu. Chini ya 80, panda ukitaka kujifunza, lakini usitumie sahani hizo kwa matokeo.

Mimi hupanga kwa seli nusu milioni kwa kila kiinitete cha panya mkubwa. Viinitete 12 hutoa milioni 6 hivi.

Badala ya kujaza kishimo kizima, panda kwa tone. Weka mikrolita 50 zenye seli 100,000 katikati ya kila kioo cha milimita 12. Kwa milioni 6 utapata vioo 60. Neuroni za dopamini zinahitaji jirani. Zikitawanywa mbalimbali hufa hata lishe ikiwa bora. Tone huzikusanya bila kupoteza seli pembezoni.

Rudisha sahani ndani ya inkubeta nusu saa hadi saa moja, kisha ongeza mikrolita 450 za lishe ya kupandia, ukiteremshia ukutani mwa kishimo. Usizidishe saa moja, tone litakauka. Vishimo vya pembeni vijaze maji yaliyotakaswa ili unyevu usipungue.

Baada ya saa nne seli nyingi zimeshika na ni duara, zinang'aa. Kesho yake nyingi zina kijinyuzi kimoja au viwili.

## Hatua ya 8: Siku ya 1 hadi ya 7

Siku ya 1, toa lishe ya kupandia na uweke ya kukuzia iliyopashwa joto. Seramu ikikaa zaidi, seli za glia, zile zinazosaidia neuroni, huongezeka kupita kiasi.

Kuanzia hapo badilisha nusu tu ya lishe kila baada ya siku tatu au nne. Nusu inayobaki ina vitu ambavyo seli zenyewe zimevitoa. Ukiondoa yote, unaziacha uchi, na hewa ikigusa neuroni kwa sekunde chache tu umeshazipoteza. Asidi askobiki huharibika ndani ya siku moja au mbili katika lishe, basi ichanganye upya kila unapobadilisha. Usihifadhi chupa iliyokwisha changanywa.

Kila mtu huniuliza kuhusu AraC, dawa inayozuia seli zinazogawanyika. Astrositi, aina mojawapo ya glia, hulisha neuroni za dopamini, na nimeona sahani zilizosafishwa glia zote zikipoteza TH upesi kuliko zilizoachwa nazo kidogo. Nikiona siku ya 4 glia zimetandaa hadi kufunika neuroni, naweka mikromola 1, mara moja. Vinginevyo siweki.

Siku ya 3 matawi yanaanza kugusana. Siku ya 7 ni wavu. Miili ya seli iwe laini, inang'aa ukingoni. Nyuzi zikionekana kama shanga zilizokatika, au miili ikiwa na mashimo, kuna tatizo la pH, ukavu au umri, na kwa kawaida limeanza siku nyingi nyuma.

Usijaribu kuzitambua neuroni za dopamini kwa umbo zikiwa hai. Hata mtu wa miaka mingi hawezi.

## Hatua ya 9: Paka rangi ya TH na uhesabu

Siku ya 7, kaza seli (fixation) kwa paraformaldehidi dakika 20, ndani ya kabati la kufyonza moshi na ukiwa na glavu. Osha kwa PBS, maji ya chumvi yenye pH thabiti, mara tatu. Toboa utando kwa Triton X-100 ya asilimia 0.2, dakika 10, kisha zuia kwa seramu ya asilimia 10 kutoka kwa mnyama aliyetoa kingamwili ya pili. Kingamwili dhidi ya TH na MAP2 zikae usiku mzima katika nyuzi 4. Asubuhi weka za pili, halafu DAPI.

Kila mara weka kioo kimoja kisicho na kingamwili ya kwanza, na kimoja cha seli za gamba la ubongo la viinitete vile vile. Cha kwanza kikiwaka, rangi yako inadanganya. Cha pili kikiwa na TH nyingi, kingamwili yako haichagui.

Hesabu nyuga 20 zilizochaguliwa kabla hujaona rangi, na umwombe mwenzako afiche majina ya vioo. Mkono wa binadamu huvutwa na panapowaka.

Neuroni ya dopamini iliyostawi ina mwili mkubwa kidogo kuliko jirani zake na uzi mrefu wenye vifundo vifundo. Ukipata 2 au 3 katika 100, una sahani nzuri. Ukipata chini ya 0.5 katika 100, rudi kwenye daftari uangalie urefu wa viinitete kwanza, kisha picha za vipande ulivyokata. Piga picha ya kila kipande siku ile ya kukata. Bila picha utabaki kukisia.

## Kama unataka zizaliwe ndani ya sahani

Neuroni nyingi za TH unazozipata kwa njia ya hapo juu zilikwisha zaliwa tumboni. Sahani imezikuza tu. Anayetaka kuona seli changa ikigawanyika na kisha kuwa neuroni ya dopamini mbele yake lazima aanze mapema zaidi: siku 12 kwa panya mkubwa, kiinitete kikiwa na milimita 6 hivi.

Kipande ni kidogo mno na ni laini, basi pengine hutahitaji tripsini. Pipeti peke yake hutosha. Panda juu ya laminini, katika lishe isiyo na seramu, na uongeze FGF2, protini inayochochea seli kugawanyika, nanogramu 20 kwa mililita kila siku, kwa sababu huharibika upesi katika nyuzi 37. Seli zitagawanyika. Baada ya siku tano au sita ondoa FGF2, weka asidi askobiki, GDNF na BDNF, na usubiri wiki moja.

Ili kuthibitisha kwamba zimezaliwa humo, weka EdU mikromola 10 wakati FGF2 ingalimo. EdU huingia kwenye DNA ya seli inayogawanyika tu. Mwishoni, tafuta seli yenye TH katika mwili na EdU katika kiini. Hesabu hizo peke yake. Zenye TH bila EdU huenda zilikwisha zaliwa tumboni mwa mama, na ziandikwe katika safu yake tofauti.